Sara Crewe anamfaa mtoto wa Newala

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anadai kwamba riwaya za kale za Uingereza, kama A Little Princess ya Frances Hodgson Burnett (1905), hazimfai mtoto wa Newala kwa sababu haijui baridi ya London. Hapo sikubali kabisa. Njaa anaijua. Kufiwa anakujua.

Sara, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, alikuwa mwanafunzi wa kitajiri. Baba yake alipofariki bila mali, mwenye shule akamhamishia chumba cha darini na kumfanya mtumishi. Siku moja, akiwa na njaa kali, akaokota sarafu ya peni nne. Kwanza akaingia dukani kuuliza kama kuna aliyeipoteza! Akanunua mikate midogo minne, mwenye duka akamwongezea miwili. Nje alikuwepo binti ombaomba mwenye njaa kumzidi. Sara akampa mitano, akabaki na mmoja. Na mwenye duka, aliyeona yote, akamwita yule binti ndani. Nimewasomea wanangu sehemu hii mara nyingi, nao huniomba niirudie.

Kinachoniuma ni Becky, mtumishi mwenzake Sara. Mwishoni, Sara anapopata tena utajiri, Becky anaondoka naye, lakini bado kama mhudumu wake. Wangapi kutoka Lindi na Mtwara wanapelekwa Dar kufanya kazi za ndani wangali wadogo? Walimu, zungumzeni na watoto kuhusu Becky pia.

Burnett alifariki 1924, haki za kitabu zimekwisha. Wachapishaji, kitoeni kwa Kiswahili chepesi, kwa bei ambayo mzazi wa Tandahimba ataimudu hata nje ya msimu wa korosho.