Tairi za Theluji Zinatafuta Nini Nakuru?

Jumapili jioni mpwa wangu alinitumia picha nne kwa WhatsApp. Amenunua tairi. Ile Subaru Impreza yake ya turbo, aliyoilipia kwa jasho la miaka mitatu, ilikuwa imevaa vipara tangu Desemba, na nyumba nzima tulikuwa tumemsema hadi tukachoka. Kwa hiyo nilifurahi. Kashata nene, yaani yale matuta ya mpira yanayokanyaga lami, mpira mweusi tii, zote nne saizi moja, 215/45R17. Chini ya picha ameandika: "Mjomba, hizi zimetoka Japani. Muuzaji anasema ni laini, mvua hii haitanitelezesha tena."

Nikaikuza picha ya tatu. Ubavuni, karibu na rimu, kuna mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Furaha ikaniishia hapo hapo.

Naandika kwa sababu hayuko peke yake. Pita wanapouza tairi za mtumba hapa Nakuru, au ukishuka Kisumu, uinamie ubavu wa tairi moja moja utafute ule mlima au neno STUDLESS, yaani tairi ya theluji isiyo na misumari. Utayakuta. Na mara nyingi tairi hizo ndizo zinazokimbiliwa, maana kashata yake imesimama kuliko ya jirani zake na mpira wake ukiubonyeza unabonyea. Vijana wenye magari ya kasi wanazipenda zaidi. Wanataka kushika barabara, wanaambiwa laini ndiyo hushika, wanalipa.

Neno hilo, laini, ndilo linalotuponza. Muuzaji hajadanganya, tairi ni laini kweli. Swali ni laini wakati gani, na juu ya kitu gani.

Wajapani walipitisha sheria ya kuzuia tairi zenye misumari mwaka 1990, kwa sababu misumari ilikuwa ikisaga lami na vumbi lake linaingia vifuani mwa watu. Watengenezaji wakalazimika kutafuta njia ya kushika barafu bila chuma. Wakapata mpira usiokakamaa baridi inaposhuka chini ya digrii 7, pale ambapo tairi ya kawaida huanza kuwa ngumu. Juu ya mpira huo wakachanja mikato mingi myembamba, kama iliyopitishwa wembe, ili kila kipande cha kashata kiwe na kingo nyingi za kung'ata barafu. Ni kazi ya akili nyingi. Mtu wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, Januari, anayeendesha na tairi za theluji kama Blizzak au iceGUARD yuko salama kuliko jirani yake mwenye tairi ya kiangazi, na siwezi kubishana na hilo.

Sasa ichukue tairi hiyo uiweke Kisumu saa nane mchana, lami imepikwa tangu asubuhi. Mpira uliopikwa ili ubaki laini kwenye baridi unalegea kupita kiasi. Kile kipande chenye mikato, ambacho kwenye barafu kilikuwa kinang'ata, kwenye lami ya moto kinapinda kila kimoja kivyake. Unakata kona, usukani umekwenda, gari linafikiria kwanza. Unakanyaga breki, kashata inakunjika kabla ya kushika. Na mvua ikinyesha juu ya lami yenye joto haiji kuokoa kitu. Tairi hiyo bado huchelewa kusimama kuliko ya kawaida. Kijana ameinunua kwa ajili ya mvua, na kwenye mvua yetu ndiko itakakomwangusha.

Haya sikuyasoma mahali. Miaka sita iliyopita nilikuwa na Subaru Legacy, nikanunua nne za aina hiyo kwa sababu hizo hizo, tena nikajisifu nyumbani kwa bei. Wiki ya pili nikaenda Kisumu kwa njia ya Kericho. Mlimani gari lilitulia, kulikuwa na ubaridi. Tulipoteremka Awasi joto likaanza. Kati ya Awasi na Ahero barabara inanyooka, mashamba ya mpunga huku na huku, na mguu unajikuta umezama. Nilikuwa kwenye 90 hivi. Mbele yangu mvulana akaanza kuvuka na baiskeli iliyobeba magunia mawili. Nafasi ilikuwa ya kutosha. Gari lilikuwa langu, breki nazijua, nikakanyaga mahali ambapo siku zote nakanyaga.

Halikusimama pale. ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasikwame kwenye breki, ilitetemeka chini ya mguu, mkia ukacheza kulia, na gari likaendelea kwenda, polepole lakini likaendelea. Mvulana aliitupa baiskeli na kuruka pembeni. Nilisimama baada ya kupita alipokuwa, kwa urefu wa gari zima.

Gunia moja lilikuwa limepasuka. Niliporudi nilimkuta amechuchumaa akikusanya mpunga kwa viganja, hata kunitazama hakunitazama. Nikachuchumaa naye. Lami ilikuwa ya moto hata punje zilikuwa zinachoma vidole. Tulikusanya kimya, nikamlipa gunia lake, nikamwomba msamaha mara tatu, naye akaitikia mara moja tu. Nilipogusa tairi ya mbele kabla ya kuondoka, ukucha wangu ulizama kwenye mpira kama kwenye kipande cha sabuni.

Kisumu, fundi wa tairi aliipinda kashata kwa kidole gumba na mikato yote ikafunguka kama matamvua ya samaki. "Hii ni ya barafu, mzee," akasema. "Huku tunaiona sana." Kuanzia siku hiyo nikiona ule mlima wenye theluji namwona yule mvulana amechuchumaa.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi kabisa. Tairi hizo za Kijapani zina alama ndani ya mifereji, vigingi vidogo vya mpira vinavyofika nusu ya kimo cha kashata ikiwa mpya, na mshale ubavuni unakuelekeza vilipo. Kashata ikishalingana na vigingi hivyo, mwenyewe huko Japani anaihesabu imemaliza kazi yake ya theluji. Anaivua. Kwa hiyo unayoinunua ukaona ina kashata "ya kutosha" huenda ni tairi ambayo hata barafu haiiwezi tena, na lami ya joto haikuiweza tangu mwanzo. Halafu inaisha haraka. Zangu nilizibadilisha kabla ya kutimiza kilomita 9,000 na zilikuwa tayari zimelambwa.

Zinafikaje? Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 iliziweka tairi kuukuu za magari madogo kwenye orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kuingia. Lakini gari kuukuu linaingia, na linaingia limevaa tairi. Gari lililoondoka bandarini Japani wakati wa baridi linashuka Mombasa na viatu vyake vya baridi. Mwenye gari jipya anaona zina kashata, anaendelea nazo, au anazitoa anaweka nyingine, na zile za kwanza zinaanza safari ya pili. Kama umeagiza gari mwaka huu, shuka chini ulitazame leo.

Nitakubali mambo mawili. Timboroa alfajiri, zaidi ya mita 2,700 juu, baridi inaweza kushuka hadi pale zinapopenda. Na kwenye matope ya njia za ndani, kashata ile iliyokatikakatika huvuta vizuri. Lakini kufika Timboroa unapita Salgaa na Mau Summit kwenye lami, katikati ya malori, na kufika saa nne jua limeshaiamsha barabara. Hapa Nakuru, hata Julai tunapolala na blanketi mbili, asubuhi ya kawaida iko juu ya hizo digrii 7.

Vijana hawa wote huenda Safari Rally. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 mpwa wangu amekuwa akilala kwenye hema Soysambu. Basi na aangalie magurudumu. Timu zile zile zikienda Monte Carlo Januari hubeba tairi za theluji na zenye misumari. Zikija kwetu Naivasha hubeba za changarawe, ngumu na laini, na kuchagua kati ya hizo mbili kunaweza kumpa dereva ushindi au kumnyima. Wenye pesa zote hizo na uzoefu wote huo wanaanza kwa kuuliza barabara ni ya joto gani. Sisi tunaanza kwa kubonyeza kwa kidole.

Pesa najua. Tairi nne mpya za inchi 17 zinauma, na mtu mwenye karo na kodi huwezi kumwambia tu "nunua mpya". Ila rimu za 16 zenye 205/55R16 zinaingia kwenye Impreza nyingi, kimo chake kinakaribiana sana na cha zile za 17, na saizi hiyo inavaliwa na magari mengi kiasi kwamba mpya za bei nafuu hazikosi. Gari litapungua urembo kidogo. Kama breki ni zile kubwa za STI, Impreza ya mbio, 16 hazipiti, hapo hakuna ujanja.

Ukibaki na mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 4714 ni wiki ya 47 ya mwaka 2014, iache. Subaru inayovuta magurudumu yote manne isivalishwe mbili mpya na mbili za zamani, utaua gia. Herufi Q mwishoni mwa saizi ni kikomo cha kasi cha kilomita 160 kwa saa, ya chini mno kwa gari la turbo, na ukiiona kwenye tairi ya Kijapani utafute alama ya theluji karibu yake.

Mpwa wangu nimempigia. Kwanza alinyamaza, kisha akaniuliza kama muuzaji atamrudishia hela. Nimemwambia tutakwenda wote Jumamosi asubuhi, na akikataa kurudisha, rimu za 16 nitanunua mimi na tairi atanunua yeye. Hadi hapo gari lisitoke getini. Ameapa halitatoka. Ufunguo nimemwambia ampe mama yake.