Adriano apigwe marufuku?

Vijana wa chumba kimoja cha gemu mtaa wa Langoni, Lamu, wamegawanyika kabla ya mashindano yao ya Idd. Kundi moja linataka Inter Milan iondolewe kwenye orodha ya timu. Gemu yenyewe ni Pro Evolution Soccer 6, ya mwaka 2006, inayochezwa kwenye mashine za PlayStation 2 zilizofungwafungwa kwa selotepu lakini bado zapiga kazi. Aliyewahi kuishika pedi yake hahitaji kuelezwa sababu. Adriano, mshambuliaji wa Inter, ana nguvu ya shuti 99, kiwango cha juu kabisa, na akishauweka mpira kwenye mguu wa kushoto kipa huruka kutimiza wajibu tu. Anayemchezesha hana haja ya kupanga mashambulizi: mpira mrefu, Adriano azunguke, kitufe kibonyezwe, wavu utikisike.

Wanaomtetea husema kila mtu ana ruhusa ya kumchukua, basi aliyedhulumiwa ni nani? Hoja hii ina uzito kuliko watu wanavyoipa. Marufuku ya haraka humzoesha mchezaji kulalamika badala ya kutafuta dawa, na zipo mbinu chungu nzima ambazo mwanzoni zilionekana hazizuiliki, baadaye kila mtoto akawa anazizima. Isitoshe, yupo aliyekesha miezi akijifunza kumtumia huyo Adriano. Kumfuta ni kumnyang'anya mazoezi yake.

Wapinzani wao wajibu kwamba mkifika nusu fainali na timu zote nne ni Inter, zile nyingine zimekuwa pambo la menyu. Kwenye tatizo niko nao hawa. Dawa yao ndiyo siikubali.

Nguvu peke yake si kosa. Watazame wanaocheza bao pale Mkunguni, mbele ya Ngome. Nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, huanza na kete sita, na mwenye nyumba nzito anaweza kuupindua mchezo kwa mtaji mmoja. Hakuna aliyewahi kupendekeza iondolewe, kwa sababu nyumba hiyo hiyo huliwa, na ikiliwa mapema mwenyewe hubaki akihesabu hasara. Kitu chenye nguvu kinachoweza kumgeukia mwenyewe ni utamu wa mchezo. Cha kuogopwa ni kile ambacho mpinzani hana la kukijibu.

Kesi inayoonyesha hilo vizuri zaidi ni ya Dynamax. Pokémon Sword na Shield, gemu za kupambanisha viumbe viitwavyo Pokémon, zilitoka Novemba 2019 zikiwa na mbinu hiyo mpya: mara moja katika pambano, mchezaji humkuza Pokémon wake akawa jitu kwa zamu tatu. Uhai wake huweza kufika maradufu, na mapigo yake hugeuka mapigo makubwa yenye faida juu ya madhara. Max Airstream, kwa mfano, humuumiza adui na papo hapo humuongezea kasi aliyeipiga. Ipige mara mbili, uone nani atakufikia. Smogon, jumuiya ya mashabiki inayojiwekea kanuni zake za mapambano ya mmoja kwa mmoja, ikaipiga marufuku mwezi uliofuata. Shida ilizidi ukubwa wa jitu. Karibu Pokémon yeyote angeweza kukuzwa, wakati wowote, na mpinzani alibaki kukisia. Akikisia vibaya mara moja, mchezo umekwenda.

Sasa angalia upande wa pili. Mashindano rasmi ya Pokémon, ambayo huchezwa wawili kwa wawili, yaliiacha Dynamax, na mambo yakaenda. Jitu likiinuka, wako wawili wa kulishambulia kwa pamoja. Mmoja aweza kujikinga ili zamu zile tatu zipite na hasara kidogo, mwenzake akiendelea kupiga. Tena kila mchezaji huingia na wanne tu kati ya sita wake, kwa hivyo wa kushuku ni wachache. Mbinu ile ile, hukumu mbili, na kwa maoni yangu zote mbili za haki. Ndiyo maana mabishano ya "mbinu fulani ni mbaya" yananichosha haraka: mbaya katika mchezo wa aina gani, kwa kanuni zipi?

Yupo na wa kuzuiwa bila mjadala. Akuma, mpiganaji wa siri wa Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994, hurusha moto akiwa hewani, na wapiganaji wa kawaida wa gemu ile hawakutengenezwa kuukabili. Marekani walimkataza kwa kanuni. Japani hawakuhitaji kuandika. Wachezaji wakubwa walikubaliana tu kutomtumia. Njia ya Kijapani ingefaa sana huku kwetu, ambako aibu mara nyingi hufanya kazi kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani. Ila aibu humzuia mwenye haya, na kwenye zawadi ya pesa wenye haya hupungua.

Halafu kuna swali la nani anayekataza. Mwaka 2011 kamati ya kanuni ya wachezaji wa gemu ya mapigano ya Super Smash Bros. Brawl huko Marekani iliamua mpiganaji mmoja, Meta Knight, asitumike kuanzia Januari 2012. Mwezi huo huo mashindano makubwa ya Apex yakamruhusu. Marufuku ikalegea, maana mchezaji hatamwacha Meta Knight nyumbani kisha aende kumkuta kwenye meza yenye zawadi kubwa. Langoni ni hivyo hivyo: wakimkataza Adriano chumba kimoja na kinachofuata kikamkaribisha, vijana watahama na pesa zao.

Gemu mpya zina njia ya kukwepa haya yote. FIFA 23 ilipotoka, wachezaji wa mbio ndefu wasiokamatika waliwakera watu hadi EA, kampuni iliyoitengeneza, ikawapunguza kwa masasisho. Diski ya mwaka 2006 haina wa kuisasisha. Adriano atabaki na 99 yake mpaka diski ikwaruzike, kwa hivyo wenye mashindano ndio watengenezaji waliobaki.

Kwangu mimi Adriano hafikii kiwango cha Akuma. Ana mguu mmoja wa kutisha, lazima mpira umfikie, na beki anayemsukumia upande wa kulia hupunguza nusu ya balaa. Kumfuta ni kupita kiasi. Kuwaacha wote wamkimbilie ni uzembe. Bora kila pambano liwe mechi mbili, wachezaji wakibadilishana timu: leo wewe Inter, mechi ya pili mimi, tujumlishe mabao. Aliyebebwa na shuti ataonekana akishika timu ya mwenzake. Mwenye chumba hatalipenda, kwa sababu mechi zitaongezeka mara mbili na televisheni ni zile zile. Nashuku pia kwamba marufuku inamvutia kwa sababu ya biashara: anayepigwa sita bila na Adriano huweka pedi chini, na akiondoka halipii mchezo mwingine. Si sababu mbaya, lakini aiseme wazi, asiifunike kwa jina la haki.

Uamuzi wowote utakaopita, utangazwe kabla ya kiingilio kuchangwa. Aliyekwisha kulipa akijua Inter ipo, kisha akaambiwa asubuhi ya mechi kwamba haipo, arudishiwe pesa zake bila maneno.