Ratili ya nyama na shamba la mikarafuu

Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alikuwa ameshaihakiki kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Jina la asili, The Merchant of Venice, linamtaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio, Mkristo. La Kiswahili limemtia kapu moja na Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, wote wakawa mabepari. Kwa mhakiki wa Kimarx, anayesoma fasihi kwa jicho la matabaka na unyonyaji, hapo kazi imekwisha nusu. Usomaji huo una nguvu, ila haunitoshelezi, kwa kuwa haunielezi kwa nini Shylock anatemewa mate kwa ajili ya dini yake, wala kwa nini hukumu inamlazimisha kubatizwa.

Vijana ninaosoma nao barazani hapa Wete walimhukumu upesi zaidi: Shylock ni mla riba, basi. Niliwarudisha kwenye tendo la kwanza, onyesho la tatu, ambapo anamkopesha Antonio dukati 3,000, sarafu za dhahabu, kwa miezi mitatu bila kudai faida hata chembe, sharti likiwa ni ratili moja ya nyama ya mwili wa mdaiwa iwapo siku ya kulipa itapita.

“Kwa hivyo, Maalim, mkataba huu hauna riba?”

Hauna. Mzee mmoja aliyekuja kunywa kahawa tu akadakia: “Hiyo si bei khiyari hiyo?” Wenzangu wa Pemba wanaijua: mwenye shamba “anamuuzia” mkopeshaji mikarafuu yake kwa hiari ya kuikomboa ndani ya muda, huku akibaki shambani na kulipa kodi, kwa jina ni biashara halali, kwa matokeo shamba limekwenda. Madeni ya namna hiyo yalizidi hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi isitoke mikononi mwa Waarabu na Waafrika. Msomaji wa Wete, basi, ana jambo la kuwaambia wahakiki wa Kimarx wenyewe: unyonyaji unaweza kuandikwa kwenye karatasi safi kabisa.

Na karatasi ndiyo inayomwangusha Shylock. Hapa nawapa haki yao wanaumaumbo, ambao hushikamana na neno lenyewe: yeye anayeng’ang’ania kilichoandikwa ananaswa na kisichoandikwa, kwani mahakamani anaambiwa akate nyama iliyotajwa, bila kumwaga damu, ambayo haikutajwa. Wale wa saikolojia changanuzi wana makala ya mwaka 1913 ya mwasisi wao, Freud, kuhusu visanduku vitatu, vya dhahabu, fedha na risasi, ambavyo wachumba wa Portia, binti tajiri, huchagua kimoja ili wamwoe; Freud anaona mauti katika kile cha risasi. Ni nzuri, lakini iko mbali na ugomvi wa mahakamani.

Ufeministi nao huanzia kwa Portia, aliyevaa kiume na kujifanya mwanasheria ili asikilizwe mahakamani. Binti mmoja wa barazani hakujali mavazi, yeye aliviangalia visanduku, vilivyowekwa na wasia wa marehemu ili kumchagulia bintiye mume, akasema, “Baba keshakufa na bado anaoza.” Tulicheka, kisha nikaona kwamba kwa neno moja ameufasiri wasia huo vizuri kuliko nilivyojiandaa kuufundisha.

Lililobaki kunisumbua ni tendo la tano. Ni la mbalamwezi, pete na mzaha, meli za Antonio zimerudi salama, na Shylock hamo. Mhakiki atakayenieleza ukimya huo nitamsikiliza, awe wa mkondo wowote.