Kuchuma bluberi: mkono au mashine?

Kichala kimoja cha bluberi hakiivi kwa pamoja. Tunda moja limekolea buluu, la jirani yake lina wekundu karibu na kikonyo, la tatu bado kijani. Kwa hiyo kichaka kilekile hurudiwa mara kadhaa kwa msimu, na gharama ya wachumaji hupanda. Hapo ndipo mashine inapopata wateja.

Wanaotetea mkono wana hoja nzito. Bluberi ikishachumwa haiongezi utamu. Rangi inaweza kukolea, sukari haipandi. Tena hugeuka buluu siku kadhaa kabla ya kufikia utamu wake wote. Mchumaji mzoefu huligusa tunda kwa kidole gumba tu, na lililoiva humdondokea kiganjani. Mashine hupita juu ya mstari ikitikisa matawi, na kinachodondoka ni mchanganyiko wa mabivu, mabichi na majani. Mengine humwagika chini. Mengine hupata michubuko ya ndani isiyoonekana siku hiyo, kisha hulegea yakiwa ghalani.

Lakini mkono nao unasifiwa kupita kiasi. Anayelipwa kwa kilo ana sababu gani ya kuliacha tunda lenye wekundu hadi wiki ijayo? Atalivuta kwa nguvu, ngozi ichanike pale kwenye kikonyo, na ukungu upate mlango. Joto likizidi na watu wakawa wachache, mabivu huharibika kichakani.

Mimi ningeanza kwa kuuliza matunda yanakwenda wapi. Ya kugandishwa au ya jamu, mashine yatosha; hata bluberi fupi za mwituni za Maine, Marekani, huvunwa kwa reki za mkono au za mashine, na nyingi huishia kwenye friza. Ya kuuzwa bila kusindikwa bado yanadai mkono, ingawa pengo linapungua. Elizabeth White na Frederick Coville, waliouza mavuno ya kwanza ya bluberi za kupandwa huko New Jersey mwaka 1916, walisaka vichaka vya porini vyenye matunda makubwa. Watafiti wa leo hutafuta pia tunda gumu linalostahimili kutikiswa.

Tatizo ni kwamba uamuzi huu hauahirishwi. Kichaka huchukua miaka kadhaa kufikia mavuno kamili, kwenye udongo wenye tindikali ya pH 4.5 hadi 5.5 ambao mara nyingi umetengenezwa kwa gharama. Aliyepanda aina ya tunda laini kwenye mistari iliyobanana hawezi kukodi mashine mwaka wa saba: haitapata pa kupita.