Aliyerudi Juzi Anataka Dikteta

Jamaa yangu mmoja karudi kutoka Singapore wiki iliyopita. Kakaa huko siku kumi. Sijamaliza kumuuliza habari za safari, keshanieleza kwamba tatizo letu sisi ni uhuru uliozidi. Tunahitaji mtu mmoja mwenye mkono wa chuma atucharaze miaka ishirini, tutanyooka. Ushahidi anao kwenye simu: picha ya kituo cha treni, sakafu inang'aa, hata kipande cha karatasi hakuna.

Watu hawa wananichosha. Mtu hajawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja wa mtaa wake, lakini akigongewa muhuri kwenye pasipoti tayari ni mshauri wa taifa.

Haya, safari humbadilisha mtu, hilo nawapa. Boris Yeltsin, mwanasiasa wa Urusi ya Kisovieti, aliingia supamaketi moja ya Houston, Marekani, Septemba 1989, akaona rafu zilivyojaa, akasononeka kwa ajili ya watu wake. Malcolm X, mtetezi wa Weusi wa Marekani, alirudi kutoka hija ya 1964 na lugha nyingine kabisa kuhusu watu weupe. Ila Sayyid Qutb, mwandishi wa Kiislamu wa Misri, naye alikaa Marekani kuanzia 1948 hadi 1950, akarudi Misri akiwa mkali kuliko alivyoondoka. Kwa hiyo msiniambie kupanda ndege ni kusoma.

Wazee walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mtalii huona kinachoelea tu. Jamaa yangu hakuona kwamba vijana wa kiume wa Singapore huitwa jeshini kwa takriban miaka miwili, watake wasitake. Hakuona kwamba mfanyakazi hukatwa fungu la mshahara kila mwezi kwenda mfuko wa akiba wa lazima, na mwajiri naye anachangia. Hajui kwamba ofisi yao ya kupambana na rushwa ilianzishwa 1952, miaka saba kabla Lee Kuan Yew, huyo mwenye mkono wa chuma wao, hajawa waziri mkuu. Anachojua ni chingamu, kwamba kule kuiuza ni marufuku. Kila anayetoka kule lazima akusimulie chingamu! Basi ajue kwamba marufuku hiyo ni ya 1992, Lee keshaachia uwaziri mkuu na nchi imeshatajirika zamani. Kiboko anakiona, miaka ya kupanga na kulipa haioni. Kama mkono wa chuma peke yake ungetosha, Mobutu alikuwa nao miaka 32. Barabara ziko wapi?

Na mimi siwacheki nikiwa mbali. Ugonjwa huu niliwahi kuugua, ila wangu ulikuwa wa aina ya Uswisi. Nilifikia kwa mama mmoja pale Bern, nikamkuta mezani na bahasha ya kura iliyoletwa na posta. Miwani puani, kalamu mkononi, anasoma kijitabu cha serikali chenye hoja za wanaounga mkono na za wanaopinga jambo linalopigiwa kura, anapigia mstari. Kura za namna hiyo huitishwa hadi mara nne kwa mwaka. Nilitaka kulia. Nikaanza kumwambia jinsi walivyobarikiwa, na sisi tulivyolaaniwa. Akavua miwani. Akaniambia mama yake mzazi aliruhusiwa kupiga kura ya taifa mwaka 1971. Wanaume walikuwa wameulizwa 1959, wakakataa. Jimbo moja, Appenzell Innerrhoden, lilikaidi kwenye kura zake za ndani hadi mahakama ilipolilazimisha 1990. Mimi nilidhani demokrasia ile ilishuka na theluji. Kisha yule mama akaanza kuwasema wanasiasa wake, na nikifumba macho nilikuwa namsikia mjomba wangu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mgeni hapati hasara yoyote. Halipi kodi ya pale, hana mtoto shuleni pale, hana gazeti analotaka kuandika likafungiwa. Anapita na begi lake la magurudumu, anasifia nidhamu, halafu anarudi nyumbani kuwaombea wenzake kiboko. Wenzake, maana yeye hajioni kabisa kwenye foleni ya wanaochapwa.

Nilimuuliza jamaa: "Kaka, mwanao si kamaliza sekondari? Utampeleka jeshini miaka miwili, au siyo?"

Akasema yule ana pumu. Halafu akanionyesha picha nyingine, ya uwanja wa ndege. Ndani kuna maporomoko ya maji.