Tanga ya mkonge, kamba za plastiki

Ingia duka lolote la vifaa hapa Ngamiani uombe kamba, muuzaji wala hakuulizi ya aina gani, anakukatia ile ya plastiki ya bluu au ya kijani, unalipa unaondoka. Na hapa ni Tanga jamani, mkoa ambao ulikuwa unaifungia dunia nzima mizigo yake! Mimi hili jambo linaniuma kweli na naona hatuliongelei vya kutosha.

Historia wengi mmeisikia kwa wazee. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, karibu yote ikafa njiani, iliyofika hai na kupandwa kule Kikogwe, Pangani ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndo iliyozaa mashamba yote yale unayoyaona ukipita Muheza mpaka Korogwe, na kufika miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ndo inaongoza duniani kwa mkonge, mwaka 1964 zilitoka tani kama 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge.

Sisemi ule ulikuwa wakati mtamu. Ardhi ilichukuliwa, manamba, wale vibarua wa mashambani, walisombwa kutoka Kigoma, Songea, hadi Msumbiji na Burundi, wakawekwa kwenye makambi, na wengi wetu huku ni wajukuu zao, tunajua walichopitia. Lakini kazi ilikuwepo na mji ulijengwa na ule mkonge.

Sasa mnunuzi mkubwa wa kamba zetu alikuwa nani? Mkulima wa Ulaya na Marekani anayefungia majani makavu ya ng'ombe wake. Kamba za plastiki zilipoingia, nyepesi na bei chee, akahamia huko, na hakuna aliyekuja Muheza kutuuliza sisi tutaishije. Watu hubishana mpaka leo kwamba ni kutaifishwa kwa mashamba 1967 ndo kulikoua mkonge, na mimi nakubali uendeshaji ulikuwa mbovu sana, ila bei ilishaanza kuporomoka kabla ya hapo, tusisahau hilo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ile ile plastiki iliyotunyang'anya soko ndo sa hivi imejaa kwenye bahari yetu. Pita ufukweni Mkinga kule kwa kinamama wa mwani uone. Kila kishina cha mwani kinafungwa kwenye kamba kubwa kwa kikamba kidogo cha plastiki, wenyewe wanaviita tai-tai, shamba moja lina vikamba visivyohesabika, bahari ikichafuka vinakatika vinaenda na maji. Niliokota kimoja kwenye mchanga, mwani ulishaoza zamani umetoka lakini fundo lilikuwa vilevile, limekaza kama limefungwa jana, nikajaribu kulifungua kwa kucha nikashindwa. Siwalaumu hao kinamama hata kidogo, wao wanatumia wanacholetewa, na huo mwani wenyewe wanauuza mkavu unaenda nje kwa bei wasiyoipanga wao, yaani hadithi ya mkonge inajirudia upya na watu wapya.

Halafu kuna hii ya mifuko. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki na mimi nilifurahi mno, mitaro ya hapa mjini ilipumua, hilo sitalipinga kamwe. Lakini huu mfuko mbadala tunaobebea nyanya sokoni, ule unaoonekana kama kitambaa, wengi wanadhani ni kitambaa kweli. Ule ni polipropilini! Plastiki ile ile inayotengenezwa kamba, ila hapa nyuzi zake zimeshikanishwa bila kufumwa. Na viroba vya mchele na sembe navyo ni hiyo hiyo.

Najua mtaniambia kamba ya mkonge inaoza ikikaa kwenye maji chumvi, ni kweli, simwambii mvuvi wa pale Deep Sea, soko letu la samaki hapa mjini, afungie nanga yake kwa mkonge. Lakini mazao makavu ya ghalani je? Tenga la kuku je? Mbuzi, mikungu ya ndizi, matita ya kuni, kapu la sokoni, vyote hivyo mkonge unatosha kabisa, na ukiisha unaoza unarudi kuwa udongo.

Na hapa ndo nataka wakubwa wanisikie. Korosho za Mtwara na Lindi zinafungwa kwenye magunia ya juti, na kila msimu tunaagiza magunia hayo kutoka Asia, meli ikichelewa mkulima analia. Huku kwetu wakulima wadogo wa Hale, Magoma, Ngombezi wapo kwenye AMCOS zao, yaani vyama vyao vya ushirika, wanakata majani, yanapitishwa korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, singa zinaanikwa, zinafungwa robota zinasafirishwa zikiwa ghafi. Kwa nini hizo singa zisisokotwe zikafumwa magunia hapa hapa? Wanasema gunia la mkonge ni ghali kuliko la juti. Sawa, lakini mashine ni za zamani na oda hazieleweki, nani atafunga mashine mpya bila uhakika wa mnunuzi? Serikali ikisema msimu huu sehemu fulani ya magunia ya korosho lazima yatoke kwenye mkonge wa nyumbani, na mwakani iongezwe, na mkataba usainiwe mapema kabla mkulima hajakata jani la kwanza, viwanda vitakuja vyenyewe. Wabunge wetu wa Tanga wakakae na wenzao wa kusini walibebe hili pamoja kwenye bajeti ijayo ya kilimo.