Paka wa sokoni Mbeya: sumu haitawapunguza

Malalamiko juu ya paka wanaozurura yakifika kwenye kikao cha mtaa, hakosekani mtu wa kupendekeza sumu. Naipinga hoja hiyo, ingawa wanaolalamika siwabezi. Paka hujisaidia kwenye mchanga wa ujenzi na kwenye matuta ya mchicha, na kinyesi chake kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazima, ambavyo mama mjamzito akivipata vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vifaranga huliwa. Kichaa cha mbwa nacho, ingawa watu wengi hukipata kwa kuumwa na mbwa, paka pia anaweza kukiambukiza.

Lakini muulize mwenye ghala la mahindi Uyole. Panya akitoboa gunia, hasara haiishii kwenye punje alizokula: nafaka inamwagika, na iliyobaki inachafuliwa kwa mkojo na kinyesi. Mtu huyo hawezi kushangilia paka kutoweka.

Tena hawatatoweka. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, akaibeba kwa siku zipatazo 65. Ukiua kadhaa leo, na utumbo wa samaki bado umerundikwa chini ya meza, waliobaki watashiba zaidi na watoto wao wengi zaidi watapona. Wengine watahamia kutoka mitaa ya jirani. Sumu yenyewe haichagui kati ya paka, mbwa, kuku na mtoto anayetambaa. Na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama.

Njia ninayoiunga mkono ni kuwakamata, kuwafunga uzazi, kuwachanja dhidi ya kichaa, kuwakata ncha ya sikio ili watambulike, kisha kuwarudisha walipotoka. Kelele na ugomvi wa usiku hupungua, na kazi ya kukamata panya inaendelea. Njia hii ina udhaifu, tena mkubwa: ukiwafikia wachache tu, wasioguswa watairudisha idadi ileile. Aliyefungwa uzazi bado atakamata vifaranga na ndege. Ndiyo maana kandokando ya Hifadhi ya Kitulo, wanakozaliana mbayuwayu wa buluu walio hatarini kutoweka, nisingekubali paka warudishwe. Huko watafutiwe watu wa kuwafuga.

Kikwazo kikubwa ni gharama. Jike hupasuliwa tumbo, kwa hiyo inahitajika dawa ya usingizi, usafi na daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa paka, wakati huduma nyingi za mifugo huku kwetu zimeelekezwa kwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Kwa maoni yangu soko lianze na majike, wenye maghala ya nafaka wachangie kwa kuwa ndio wanaofaidika zaidi, na mabaki ya samaki yazolewe kila jioni. Wenye paka majumbani nao wabanwe: anayetelekeza vitoto sokoni ndani ya boksi anaibatilisha kazi yote hiyo.